Anavyopangusa Kifua

Binti yetu aliyeko Lubumbashi ndiye aliyetununulia tiketi mbili za ule ukumbi mpya wa michezo hapa Likasi, akazituma kwa simu. "Mamu, muende na papa, babili tu," alisema. "Mbele ya weye kuya huku kwangu, musemezane." Nilicheka. Kusemezana na nani? Tangu mume wangu astaafu kiwandani tuliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Sanduku langu lilikuwa tayari limefungwa, nyuma ya mlango wa chumba, na Jumatatu ningepanda basi kwenda kwa binti yetu. Si kumtembelea. Kukaa naye moja kwa moja.

Tena nilikuwa nimemwambia mume wangu, asije mtu akasema nilitoroka. Nilimwambia wakati wa kula, yeye mezani mbele ya ugali wetu wa bukari na mboga ya sombe, mimi nimesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi: "Minye naenda ku Lubumbashi, ku mutoto. Kabisa." Akaniangalia. Halafu akafanya anachofanya siku zote: akapitisha kiganja kifuani mara mbili, kama anapangusa vumbi kwenye shati, akarudi kumega bukari yake.

Ishara hiyo niliijua vizuri, au nilidhani naijua. Ndiyo ilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Nikimwambia bati linavuja, anapangusa. Siku nilipopata habari ya msiba wa dada yangu, nikamwambia kutoka pale pale mlangoni huku nalia, alipangusa. Niache, usinichoshe, yamepita. Hivyo ndivyo nilivyosoma mkono ule, na mimi si mtu wa kubembeleza mwanaume. Nilimpa kisogo nikarudi kwenye sufuria zangu.

Lakini maneno ya binti yetu yaliniingia. Njiani kwenda ukumbini nikaweka shauri moyoni: leo nitamuuliza mara moja tu. Akisema baki, nafungua sanduku. Akipangusa kifua, basi.

Mlangoni msichana wa tiketi alichungulia nyuma yetu. "Batoto beko wapi, mama?"

"Njo siye batoto," nikamjibu, nikionyesha sisi wawili. Hakucheka. Alitufunga ukanda wa karatasi mkononi, wa rangi ya waridi, akasema tuvue viatu. Ndani ni soksi tu. Mume wangu aliinama kwenye benchi, akahangaika na kamba, na alipovua kiatu kidole gumba chake kilikuwa nje, soksi imetoboka. Hata nguo zake nilikuwa nimeacha kuzitazama. Akakikunja kidole kile kwa aibu, tukaingia.

Zamani lile lilikuwa ghala la saruji. Sasa kuna ngome ya kuruka iliyojazwa upepo, bwawa la mipira ya plastiki, mashine zenye taa, na muziki mkubwa kuliko wa harusi. Kulikuwa na sherehe ya mtoto, na watoto walipiga kelele mpaka nikahisi meno yanatikisika. Wazazi wote walikuwa na mtu wa kumkimbiza. Sisi tulikaa kwenye meza ya plastiki, kila mmoja upande wake, na soda zetu. Nikasubiri. Yeye alitazama mipira. Mwishowe nikaitaja ile Jumatatu: "Papa, lundi iko karibu. Weye unasema je?"

Akaniangalia mdomoni. Akapangusa kifua mara mbili.

Mbele za watu! Damu ilinichemka. Nikaondoka, nikaenda mpaka kwenye ile mashine ya kioo yenye mkono wa chuma unaonyakua wanasesere. Nilicheza nikikaza uso, mwanamke mzima mwenye mvi, miguuni soksi tu. Mkono ulishuka, ukagusa dubu, ukapanda mtupu. Nikacheza tena. Nyuma yangu mama mmoja na mtoto wake walikuwa wakingoja zamu, na niliona aibu kugeuka wasije wakaona macho yangu. Nyumbani upweke una nafuu yake, hakuna anayekuona. Pale nilikuwa peke yangu kwenye mwanga wa taa za kila rangi.

Nilipogeuka hatimaye, mume wangu alikuwa anacheka.

Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona anacheka vile, mabega yote yanacheka. Na mikono yake ilikuwa inakwenda. Alizungusha ngumi, akagusa paji la uso, akakata hewa kwa kiganja, akapiga tumbo. Nikafuata macho yake. Ng'ambo ya ukumbi, kando ya ngome, mzee mmoja aliyeshika viatu vya wajukuu aliviweka chini, akamjibu kwa mikono hiyo hiyo. Wakaendelea hivyo, watoto wanapita katikati yao, muziki unapasua masikio, na wao wanapiga soga kama wako kibarazani. Mimi sikuelewa hata kimoja. Wivu ulinishika. Bora ningemkuta na mwanamke, ningejua la kufanya. Kumbe huyu bwana ana maneno, nilijiambia, ila si ya kunipa mimi.

Yule mzee akaja mezani, wakakumbatiana. Nami nikarudi. Alinisalimia kwa heshima, akanieleza kwamba walifanya kazi pamoja miaka mingi, kwenye vinu vya kusaga mawe ya shaba.

"Na ile mikono?" nikamuuliza kwa kupaza sauti, naye akanitegea sikio.

"Ah, mama. Ku moulin hakuna kusikilizana. Kelele ile, hata ulie, mwenzako hasikii. Tulikuwa tunasemaka na mikono, siku muzima. Na ile kelele ilitumaliza masikio, siye bote."

"Huyu anasikia," nikasema. "Anajibuka 'eeh'."

Aliniangalia kwa huruma, na ile huruma iliniudhi. "Anasikia sauti, mama. Maneno, hapana. Minye bajukuu banapigaka makelele ku sikio. Yeye hakukuambia?"

Hakuniambia. Mume wangu alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, anatabasamu bila kujua tunasema nini.

"Alikuwa anakuambia nini pale?"

Yule mzee akamtazama mume wangu. "Alikuwa analalamika kidogo. Anasema anakuitaka karibu, weye unaendaka."

"Ananiita? Lini aliniita?"

Akapitisha kiganja kifuani mara mbili. "Ile njo 'sisikie, kuya karibu.' Ku kazi, mutu akikufanyia vile, unamufikia mupaka ku sikio."

Nilikaa kwenye kiti. Roho iliniuma vibaya, nasema ukweli. Bati, msiba wa dada yangu, jioni zote zile. Mtu ananiita karibu nami naondoka, naenda kununa jikoni. Na yeye akabaki mezani anafikiri mke wake hataki kumkaribia. Nilimkasirikia pia. Alishindwa nini kufungua mdomo akasema masikio yamekufa?

Hapo umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Muziki ukafa, taa zikafa, ukabaki mwanga wa madirishani, na ngome ikaanza kulegea huku watoto wakitolewa mmoja mmoja. Yule mzee akakimbilia wajukuu wake. Kwa muda mfupi kukawa kimya kabisa. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, ng'ambo ya meza: "Papa."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama ngome inavyoanguka.

Nikazunguka meza na kiti changu. Nikakaa ubavuni pake, nikaweka mdomo kwenye sikio lake, na alishtuka kidogo kwa pumzi yangu. "Lundi naenda ku Lubumbashi," nikasema. "Ku mutoto."

Akageuka. Uso wake ulikuwa karibu sana. Nilikuwa nimesahau kwamba nyusi moja imekatwa na kovu. Niliona habari inamfikia, kwa mara ya kwanza.

"Lundi hii?" akauliza, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia. Ukumbi mzima ukatutazama. Akafikiri. "Siku ngapi?"

Lile neno langu, kabisa, nililokuwa nimelisema mlangoni na mwiko mkononi, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Halikutoka. Nje jenereta ikakohoa, ikanguruma, na muziki ukarudi kwa kishindo. Aliendelea kunitazama mdomoni. Alidhani nimeshajibu. Taratibu, bila kunisumbua, akapitisha kiganja kifuani, mara mbili.

Nikasogea mpaka sikioni.

"Mbili," nikamwambia. "Siku mbili tu."