Vigae vya Mgongo wa Paa

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe wa Loliondo. Miaka ya mwanzo ya uhuru alinunua nyumba kuukuu ya mlowezi pale Karatu, yenye paa la vigae. Siku moja upepo uling'oa vigae vya mgongoni, pale pande mbili za paa zinapokutana, na mvua ikaanza kutunyeshea sebuleni.

Fundi kutoka Arusha alipanda, akashuka, akataja bei. Baba akaigeuza kuwa ng'ombe, kwa sauti: mitamba wawili.

"Kwa vigae vichache hivyo? Wewe kunywa chai. Nitavipanga mwenyewe."

Akapanda na kanzu yake. Mama alikuwa akimmiminia fundi chai sebuleni tuliposikia kishindo. Dari ikapasuka, na miguu ya baba ikaning'inia juu ya meza. Mama akasogeza birika.

"Fundi," baba akaita kutoka juu, kwa upole ambao hata wanunuzi wake hawakuujua, "ulisema bei ya mitamba wangapi?"

"Wawili, mzee. Lakini hiyo ilikuwa ya mgongo tu."

Alilipa bei ya watatu. Kumshusha hakukutozwa.