Mahjuba Aliyewasha Taa Juani

Mahjuba alikuwa na duka la picha pale Sidi Bennour, nyingi zikiwa za vitambulisho: kaa wima, usicheke, haya, mwingine. Lakini kila majira ya joto, siku za sherehe za farasi, vikosi vinapotoka mbio kwa safu moja na kufyatua bunduki za baruti kwa pamoja, alifunga duka akaja kula vumbi pamoja nasi. Mimi nilikuwa mmoja wa wapanda farasi kumi na watano wa kikosi chetu, na aliyepanda pembeni kabisa, upande wa kulia, alikuwa baba mkwe wangu, Bushaib.

Bushaib alikimbiza farasi miaka thelathini na moja na hakuwa na picha hata moja ya maana. Jua la alasiri hutupiga mgongoni, kilemba kinatia kivuli, na farasi hamngoji mtu. Wapiga picha walipata ukungu, au farasi mzuri aliyebeba mtu asiye na uso. Mwaka ule magoti yalikuwa yamemshinda; ilikuwa mara yake ya mwisho.

"Safari hii nitakupata, ami," Mahjuba alimwambia.

"Hata mwaka jana ulisema hivyo, binti yangu. Ukaniletea picha ya mkia."

Neno hilo lilimchoma, maana safari hii alikuwa amejiandaa. Majira yote ya baridi alikuwa amesimama mbele ya duka akifuata pikipiki kwa kamera. Alikita miguu, akageuka kwa kiuno tu, akaanza kumfuata mtu angali mbali, akabonyeza alipomfikia, na bado akaendelea kugeuka mpaka mtu apite. Akisita kidogo, picha imeharibika. Majirani walimcheka: "Mahjuba, ni pikipiki gani hiyo iliyokuposa?" Yeye akajifunza kuiacha kamera ifunge polepole, ukuta wa nyuma ugeuke mistari na mtu abaki mzima.

Siku yenyewe akaja na flashi kubwa juu ya kamera. Mlinzi wa uwanja akamzuia kwenye kamba ya kuzuia watazamaji.

"Mama, jua lote hili halikutoshi mpaka uwashe taa?"

"Jua linampiga mgongo. Mimi nautaka uso."

"Na farasi wakishtuka?"

Bushaib akacheka juu ya tandiko. "Farasi huyu analipuliwa baruti masikioni tangu mdogo, leo aogope kijitaa? Hebu mwashie!"

Mahjuba akaiwasha mara tatu. Farasi akapiga chafya. Mlinzi akamwachia asogee hadi hatua sita kutoka njia yetu, maana mbali zaidi ya hapo mwanga ule haufiki.

Tukatoka mbio. Mkuu wetu akapaza sauti, tukasimama kwenye vikuku vya tandiko, bunduki juu, zikalia kishindo kimoja. Kulia kwangu nikaona mmweko mweupe.

Bushaib aliposhuka, Mahjuba akamwonyesha. Watu na mahema ya nyuma yalikuwa mistari mitupu. Mbele ya mistari hiyo baba mkwe wangu mzima, kila unywele wa ndevu, macho wazi, meno yameumana, moshi ndio kwanza unachomoza kwenye bunduki.

Akaisogeza kamera karibu na macho. "Miaka yote nilidhani uso wangu unaonyesha woga," akasema.

"Unauona woga hapo, ami?"

"Siuoni." Akavua kilemba, akajifuta macho, akamwita mlinzi kwa sauti ya uwanja mzima: "We! Njoo umwone mwanamume!"

Mlinzi akaja mbio. Alipokwisha kutazama, akamwomba Mahjuba ampige na yeye picha moja, akiwa na kamba yake.