Kuku wa Mwalimu Mkuu

Juzi, kwenye basi tulilopanda kwenda Sirari, mpakani na Kenya, bibi mmoja alimwona mwalimu mkuu wa shule yetu ya misheni. Akamnyooshea kuku aliyefungwa miguu.

"Mwalimu, asante kwa kumfundisha mjukuu wangu."

"Shikamoo, mama. Umefanya vizuri," mwalimu akasema, mikono tayari kumpokea kuku.

Bibi akawaona watoto wawili wa mwalimu, wamevaa sare mpya.

"Na hawa wanakwenda wapi?"

"Shuleni. Huko Kenya."

"Kwani hiyo yako imejaa?"

Mwalimu akatazama dirishani. Bibi akamrudisha kuku mapajani, akamfunika kwa kanga.

Hakuna aliyecheka. Jumapili iliyotangulia, nje ya kanisa, tulikuwa tumempigia mwalimu makofi alipotuhimiza kujitegemea. Sasa, ndani ya basi, niliinamisha kichwa kama abiria wenzangu, na hadi Sirari aliyesikika ni kuku peke yake.