Pole ya Kidoti

Watu wazima wa shule ile waliitwa kwa kazi zao. Mwalimu aliitwa Mwalimu, na mlinzi wa lango aliitwa Babu hata na watu waliomzidi umri. Lakini mwanamke aliyeketi dawati la dirishani pamoja na mtoto mmoja tu, magoti yake yakigonga mbao kwa chini, hakuwa na cheo kinachoeleweka. Hakufundisha, hakufagia, hakupika. Ndipo siku moja Mwalimu, mtu wa utani usiokauka mdomoni, akamwambia mbele ya darasa zima, "Wewe ni kivuli cha huyu binti. Akisogea, nawe huyo." Watoto wakacheka, jina likaganda. Tangu hapo akawa Kivuli, wala hakulichukia.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani, wa kibarazani kwake mwenyewe. Hakujaliwa kuzaa, na hilo alikusimulia kabla hujauliza, ili lipite. Jirani yake alikuwa nesi mwenye binti mdogo, mwenye baka jeusi shavuni, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Kidoti alikuwa na usonji. Hakupenda kushikwa, hakupenda kelele za ghafla, na maneno yake yalikuwa machache, mengi ya kurudia ya watu. Lakini cherehani alikipenda. Alikuwa akitoroka kwao, anaingia chini ya meza ya fundi, anabandika sikio kwenye mguu wa meza na kusikiliza. Mashine ikinyamaza, anatoka na kwenda zake bila kuaga. Basi fundi akajikuta anaunganisha vipande visivyo na mwenyewe, mshono juu ya mshono, alimradi mashine isinyamaze.

Kidoti alipoanza shule mambo hayakwenda. Kengele ikilia alipanda dirishani na kupiga mayowe. Mkuu wa shule akamwambia nesi alete mtu wa kukaa naye, ama mtoto abaki nyumbani. Jioni ile nesi akapitia kibarazani, bado na sare ya kazini.

"Dada, nimekuja kuomba kitu ambacho sina haki ya kukiomba."

"Omba kwanza, haki tutaitafuta baadaye."

"Ukae na Kidoti darasani."

"Mimi? Mimi najua kupima watu viuno. Mambo ya shule nayajulia wapi?"

"Una subira, dada. Halafu wewe anakukubali."

Huo ndio uliokuwa usaili wote. Ukitaka kupunguziwa suruali utauliza fundi alijifunzia kwa nani. Ukitafuta wa kukaa na mtoto kama Kidoti, unauliza tu kama ana nafasi. Hakuna aliyemwambia usonji ni nini. Alifunika mashine yake kwa kanga kuukuu, akaenda.

Na alijituma, hapo hatumpunji. Alimshika Kidoti mkono ulioshika penseli, wakaandika pamoja. Alimfungulia chupa ya maji kabla hajaona kiu. Mwalimu akiuliza swali, jibu lilitoka kwa Kivuli. Kengele ikikaribia kulia, viganja vyake vilikuwa tayari juu ya masikio ya mtoto. Mayowe yakaisha. Shule ikapumua, nesi akapumua, na kila mtu akasema Mungu ameleta mtu.

Kivuli mwenyewe alitamani kitu kimoja tu, nacho aliona haya kukitaja. Alitamani kuitwa. Kidoti alimwita Mwalimu, "Mwalimu." Alimwita mlinzi, "Babu." Hata paka wa jikoni alikuwa na jina. Lakini Kivuli hakuwahi kumwita chochote. Alikuwa akivuta tu mkono wa gauni lake, kama mtu anavyowasha taa bila kuisalimia. Usiku hadi asubuhi hakuwaza mengine. Alipokuwa akimchana nywele baada ya michezo alinong'ona, "Sema Kivuli. Sema basi." Na mtoto, mwaminifu kama ukuta, alirudisha, "Sema basi."

Sasa kulikuwa na neno moja ambalo Kidoti alilisema bila kufundishwa. Alikuwa akimsogelea Kivuli, anatazama pembeni, na kusema, "Pole." Hivi hivi tu, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyefiwa. Kivuli aliona huruma ya mtoto ile inamtoka yenyewe, akaona ni kwa ajili yake yeye, akajibu kila mara kama mtu mstaarabu, "Asante, mwanangu." Ilimtia joto moyoni. Ikiwa jina hapewi, pole anapewa.

Kuna asubuhi Kidoti alikuja na pole nyingi kuliko kawaida. Pole ya somo la hesabu, pole ya mapumziko, pole mpaka Mwalimu akageuka ubaoni. Kivuli akacheka, "Leo mwenzangu ana huruma ya dunia nzima. Asante, mama, asante." Kufika mchana mtoto alikuwa chini ya dawati anajing'ata mkono, anapiga kichwa kwenye ubao wa kiti. Jioni nesi alimchungulia sikio, akakuta linatoa usaha. Wakasikitika wote, wakasema maskini, hakuweza kusema.

Mkufunzi alikuja muhula uliofuata, binti mdogo wa umri wa kuwa mwanafunzi, na begi lililojaa kadi za picha. Alikuwa akizungukia shule kuwafunza wasaidizi wanaokaa na watoto wenye usonji. Kivuli alikwenda kwenye mafunzo yale na gauni jipya. Moyoni alidhani anakwenda kupongezwa. Walikaa duara kwenye viti vya watoto, na mkufunzi akaeleza kwamba wengi wa watoto hawa huokota maneno pale yalipoangukia. Mtoto akipewa maji huku anaulizwa, "Unataka maji?", basi siku akiona kiu atakuja akuambie, "Unataka maji?" Hakuulizi wewe. Anasema kiu yake kwa maneno aliyoyasikia siku ya kiu.

"Kwa hiyo msisikilize neno peke yake," mkufunzi akasema. "Jiulizeni, hili neno huwa analisikia akiwa katika hali gani?"

Kivuli alihisi gauni linambana. Kidoti akianguka, watu walisema nini? Akijikwaa, akichomwa sindano, akibanwa na mlango, alisikia neno gani kutoka kwa kila mdomo? Aliinuka, akaomba radhi, akaenda kusimama nje penye bomba. Muhula mzima mtoto alimjia akimwambia naumia, naye akamshukuru.

Mkufunzi alimfuata. Hakumkaripia, ingawa kukaripiwa kungekuwa afadhali.

"Pole ndiyo kuumia kwake," Kivuli akasema. "Na mimi nikawa najibu asante."

"Sasa umejua, shangazi. Wengine hawaji kujua."

"Na kuniita je? Mbona haniiti? Hata paka anaitwa."

Mkufunzi alifikiri. Alikuwa amekaa darasani siku nzima iliyotangulia, akiwatazama. "Kwani wewe unauita mkono wako? Unaunyoosha tu. Hujawahi kuwa mbali naye hata kidogo, atakuitia nini? Unamsaidia mno, shangazi. Umekuwa mkongojo, na miguu anayo."

Maneno hayo yalimchoma, lakini ukweli ukiuma ndipo umefika. Wakapanga kazi mbili. Ya kwanza, Kivuli ahame dawati, kidogo kidogo, mpaka afike nyuma kabisa ya darasa. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi: asimwambie tena Kidoti pole. Mtoto akiumia, amshike pale panapouma, aseme kwa niaba yake, "Inauma," kisha anyamaze, ili neno hilo ndilo alikute pale chini alipoangukia.

Wewe jaribu. Mtoto anaanguka mbele yako, goti linachuruzika, na neno limeshafika kwenye meno, unalimeza. Sisi tumezaliwa nalo. Tunamwambia pole aliyekaa foleni, aliyetoka safari, hata aliyepiga chafya. Kivuli alikuwa akiuma midomo. Kina mama langoni waliona Kidoti kaanguka na yule mwanamke anasema "Inauma" tu, uso mkavu, wakatazamana. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wamepewa mioyo ya mawe." Hata nesi alikuja kibarazani.

"Dada, umemchoka?"

"Ningemchoka ningekuwa nampa pole zake, nikapumzika," Kivuli akamjibu, kisha akamweleza yote. Nesi alilia kidogo, kwa ajili ya lile sikio. Kisha naye akaanza kumeza pole zake nyumbani.

Kule nyuma ya darasa Kivuli alikuwa na nafasi ya mikono, akawa anafunga kamba za viatu vya watoto wengine na kuchonga penseli zao. Mwalimu akamtania kwa methali ya mvumo, ule mti mrefu usiowapa kivuli walio chini yake, "Ama kweli, kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali." Alicheka, lakini lilimgusa. Alikuwa akitazama kisogo cha Kidoti kule dirishani, mtoto akifungua na kufunga komeo la dirisha, akishika penseli kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikipinda kama mshono wa mwanafunzi. Kengele ililia, na viganja vilivyopanda masikioni vilikuwa vya Kidoti. Kivuli aliona vyake vimebaki mapajani, akavitazama. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ikikaa sawa itamuuma hivi.

Siku Kidoti aliposema "Inauma", alisema kwa Mwalimu, si kwake. Kiatu kilikuwa kinambana. Alinyanyua mguu, akasema, na Mwalimu akamvua kiatu, basi. Kivuli aliona yote kutoka nyuma. Alifurahi, Mungu shahidi. Halafu akatoka nje penye bomba akanawa uso.

Mwisho wa mwaka mkufunzi alirudi, akakaa, akatazama, akasema Kidoti anaweza kuingia darasa la mbele bila mtu wa kukaa naye. Katika shule nyingine kulikuwa na mtoto aliyekuwa akirusha viatu na kujificha kabatini. "Nakutaka wewe, shangazi," akasema. "Sasa unafaa." Jioni ile ya usaili wa kibarazani hakuna aliyemwambia neno hilo, leo anaambiwa, na maana yake ni kwamba anaondoka.

Siku ya kufunga shule alimsindikiza Kidoti mpaka langoni. Alikuwa amejiandalia maneno, lakini nesi alipompokea mtoto, alimkabidhi mfuko tu. Akapunga mkono. Wakaanza kwenda, mama na mtoto, mfuko ukigonga mguuni. Kivuli aligeuka upesi ili asionekane, macho yamejaa, hakuona reli ya lango. Kidole cha mguu kikajigonga kwenye chuma, akainama, akashikilia nguzo.

"Pole, Kivuli."

Alidhani ni Babu. Alipoinua kichwa, Kidoti alikuwa amerudi, amesimama mbele yake, anatazama pembeni kama kawaida yake. Mazoea ni sheria. Kivuli alipiga magoti hapo hapo, akamshika magoti, akamkagua viwiko.

"Inauma wapi? Nionyeshe. Inauma wapi?"

Kidoti aliitoa mikono ile mwilini mwake, mmoja baada ya mwingine. "Mimi hainiumi," akasema. Akanyoosha kidole chini, kwenye kidole cha mguu wa fundi kilichoanza kuvimba. "Pole."

Kivuli alilijua jibu. Alikuwa amelitoa muhula mzima kwa makosa, na tangu siku ya bombani hakuthubutu kulitamka tena.

"Asante, mwanangu," akasema.

Kidoti akageuka, akamkimbilia mama yake. Kivuli alibaki kapiga magoti langoni, kidole kinapwita, akiwatazama mpaka walipokata kona. Babu alimuuliza kama anataka kiti. Alisema hapana, anangoja kidogo. Alijua hataitwa tena siku ile. Alingoja hivyo hivyo.