Siku Niliyomvua Baba Mkwe Viatu Mlimani

Kila nikikumbuka naona aibu upya, lakini kwa kuwa mtaa mzima wa Gerezani sasa hivi unaniita Gundi badala ya Shabani, na nyie mmeshaniuliza mara ngapi jina hilo limetoka wapi, bora mlisikie kwangu kuliko mlisikie kwa waliokuwepo, maana wale wanaongeza chumvi (ingawa kusema kweli hapa hapana pa kuongeza).

Mnajua mimi nauza viatu vya mtumba Kariakoo. Siku moja nikafungua belo nikakuta jozi mbili za buti za kupandia mlima, zile nene zenye meno chini, ngozi safi kabisa, nikafurahi, nikakunja moja kuipima na soli ikaachia mdomo. Ndivyo zilivyo buti za aina ile, zikikaa stoo miaka mingi bila kuvaliwa sponji ya katikati inakufa kimyakimya, juu unaona kiatu na ndani ni unga mtupu. Mtu wa kazi hii anajua kwamba hapo dawa ni kutupa, na mimi nilijua, ila roho iliniuma, nikazipaka gundi zote nne, nikazifunga kwa mpira siku mbili, nikazipiga kiwi mpaka zikameremeta. Nikajiambia nitaona cha kufanya nazo.

Sasa wakati huo barua yangu ya posa ilikuwa na wiki ya tatu kwa kina Rehema na haijajibiwa. Baba yake, Mzee Athumani, ni fundi mstaafu wa reli na ndiye mwenyekiti wa klabu ya jogingi ya pale mtaani kwao Gerezani, wale wanaojaza barabara Jumamosi asubuhi kwa filimbi na nyimbo mpaka ukilala unaamka. Mshenga wangu, mjomba Bakari, alinionya nitulie nyumbani, kwamba mtu aliyepeleka posa hajipeleki na yeye mwenyewe kuranda mbele ya wakwe, anangoja jibu kwa adabu. Lakini Rehema akanidokeza kwamba klabu inaenda Morogoro kupanda mlima, na baba yake amesema anataka kuona vijana wa siku hizi wana pumzi kiasi gani. Hapo adabu ikanishinda. Nikabeba jozi moja ya buti nikampelekea mzee zawadi, ya pili nikabaki nayo mimi, na kwa bahati (niliita bahati) zikatutosha wote wawili.

Mzee akazigeuzageuza, akaniuliza kama mimi mlima nilishawahi kupanda. Jamani, mimi nilichowahi kupanda ni ngazi za maghorofa ya Kariakoo na belo mgongoni. Nikamjibu, mara nyingi tu, mzee.

Basi tukaondoka na treni ya asubuhi, watu kumi na wanane wenye fulana za rangi moja, na kule tukapokewa na mwenyeji wa kutuongoza, Mluguru mmoja mpole asiye na maneno mengi. Akatuonyesha njia inavyozunguka taratibu katikati ya migomba. Mimi nikaona ikiwa ni kutembea tu migombani nitaonekana lini? Juu yetu kulikuwa na mgongo wa mlima umenyooka kuelekea kileleni, nikaunyooshea kidole, nikasema, tena kwa sauti ya mtu mzoefu, kwamba sisi tuliozoea milima hapo ndipo tunapopita. Mwenyeji akasema pale hapana njia, ni mawe, hata wakata kuni hawapiti. Mzee Athumani akanitazama kidogo, akasema kama kijana anapajua, twende.

Nusu ya kwanza ilikuwa raha, majani na upepo, nikawa mbele natoa maelekezo kama nimezaliwa huko. Halafu majani yakaisha yakabaki mawe, mgongo wenyewe ukawa mwembamba, kushoto bonde na kulia bonde, tukaacha kutembea tukawa tunatambaa kwa mikono na miguu. Nyimbo zikakatika zenyewe. Mimi mbele, nyuma yangu mzee, nyuma yake Rehema, halafu klabu nzima, na mwenyeji nyuma kabisa akimsaidia mama mmoja aliyekuwa ameshaanza kuhema.

Nikakanyaga jiwe kwa mguu wa kulia, nikajivuta, mguu ukaja na soli ikabaki pale pale juu ya jiwe, imetulia. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nikasema hayo ya kawaida milimani, nikapiga hatua tatu na ya kushoto nayo ikapukutika kama andazi la juzi. Nikawa nimesimama na ngozi juu na soksi chini, na soksi yenyewe (siku hiyo katika siku zote) ina tundu, kidole gumba kiko nje kinapunga upepo. Simu zikatoka mifukoni. Rehema akaangalia pembeni, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikainama kuokota kilichobaki cha heshima yangu, ndipo macho yakatua kwenye miguu ya mzee. Alikuwa anajiandaa kuvuka jiwe moja pana lililolala upande, sehemu ambayo mtu akiteleza haanguki pale, anaanguka bondeni. Na buti alizovaa zimetoka belo moja na zangu, zimepakwa gundi ya kopo moja. Nikikaa kimya huenda gundi yake ikashika. Nikisema, posa imekwisha, mbele ya watu kumi na saba.

Nilikaa kimya. Siyo muda mrefu, labda pumzi nne tano, lakini nawaambia ukweli nilikaa kimya, na aibu ya kile kidole gumba si kitu ukilinganisha na zile pumzi. Mzee akainua mguu.

"Mzee, simama hapo hapo. Naomba uvue viatu."

Akauliza kwa nini. Nikamwaga yote, kwamba buti ni mbovu, nilijua ni mbovu, nimezipaka gundi na kiwi nikamletea zawadi, na mlima sijawahi kupanda hata mmoja. Huko nyuma mtu wa mwisho kwenye mstari akauliza kasema nini.

Mzee Athumani akakaa chini taratibu, akavua moja, akaikunja. Ikaachia mdomo mbele yetu sote. Akaitazama sana, halafu akafungua begi lake akatoa raba zake kuukuu za kukimbilia.

"Mimi nimezaliwa Gerezani," akasema. "Kiatu cha Kariakoo kikimeremeta namna ile sipandi nacho mlima bila kubeba vya akiba."

Mlima mzima ukacheka. Rehema akapita pembeni ya baba yake kwa uangalifu, akafungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaipasua katikati, akanifunga miguu, mimi nimekaa kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mwenyeji akatushusha ubavuni hadi kwenye njia yake ya migomba. Nilitaka nibaki hapo niwasubiri, mzee akakataa, akasema aliyetupotosha naye atafika. Basi nikafika kileleni, wa mwisho, kwa miguu ya khanga, na wallahi nchi inapendeza ukiiona kutoka kule.

Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Wakatunga wimbo, mmoja anaita "Gundi!" na wengine wanaitikia "Haijashika!", mlimani mpaka kwenye treni, kwenye treni mpaka Dar, kisha kwa miguu Kariakoo jioni jua bado linawaka, wakanipitisha mbele ya meza yangu na majirani zangu wote wa biashara wakaziona zile khanga.

Siku nne zikapita hakuna neno. Nikamwomba mjomba Bakari akaichukue barua yangu, niwaondolee watu tabu ya kunikataa. Akaenda, akarudi na jibu mkononi, nalo ni orodha ya mahari na ada zake. Mkaja wa mama umeandikwa kama kawaida, na mahali pa kilemba cha baba pameandikwa: jozi moja ya raba, mpya, za kwenye boksi, na Shabani azilete mwenyewe.

Nikazipeleka. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akafungua boksi, akakunja raba moja mpaka ncha ikagusa kisigino, akainusa, akakunja na ya pili.

"Kule juu ulinyamaza kidogo kabla hujasema," akaniambia. "Nilikuona."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa binti yangu usinyamaze hata hicho kidogo."

Akazivaa, akafunga kamba, akaniambia Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wanaanzia pale pale nyumbani kwake, nisichelewe.

Tangu siku hiyo, kiatu kikiachia mdomo mezani kwangu nakichana kwa kisu kabla roho haijaanza kuniuma. Na kila Jumamosi naenda, nakimbia mstari wa nyuma, na wakiita Gundi naitikia na wenzangu.