Ua wa Bweni la Wasichana

Mwaka ule wa ukame, miaka ya themanini, nilikuwa matroni katika shule moja ya bweni pale Isiolo. Kuni zilipokosekana, mpishi alianza kuchoma ua wa miiba uliozunguka bweni la wasichana, na usiku tulisikia bunduki zikilia upande wa Burat. Niliingia kwenye kikao cha halmashauri ya shule nikiwa nimechoka kuomba.

"Nunueni seng'enge," niliwaambia. "Ama mnataka niwalinde wasichana kwa ufagio?"

"Mama, bajeti haina hata ya mahindi," mwenyekiti alisema, kikombe cha chai mkononi. "Wasichana waende nyumbani mpaka hali itulie. Wavulana watabaki."

"Nyumbani gani? Wale wa Garbatulla mifugo yao imekufa, wazazi wamehama. Msichana akitoka hapa ataozwa, hatarudi!"

Mikono iliinuliwa, hoja ikapita. Nilibaki nimesimama, machozi yakinitoka kwa hasira. Mwenyekiti akafunua ukurasa, akasoma ajenda iliyofuata: kwa nini idadi ya wasichana inazidi kupungua shuleni kwetu.