Jumamosi za Kuchagua Gari

Wenzake chuoni walimwita Rula, kwa sababu alisomea ukadiriaji wa majengo na hakutoka chumbani bila rula yake ya kupimia ramani. Jina hilo alilipenda. Nyumbani mama yake alimwita mwanangu, basi. Baba hakuwa na jina la kumwita, maana aliondoka Rula akiwa darasa la pili, na tangu hapo alikuwa sauti ya kwenye simu tu, inayopiga mwanzoni mwa muhula kusema ada imeshalipwa.

Baba huyo alikuwa mkandarasi wa barabara. Aliishi mji mwingine, na mke mwingine, na watoto wengine wawili wa kike. Ada hakuichelewesha hata mara moja. Ndugu wa mama wakisema, "Angalau anasomesha," mama huwajibu, "Ndiyo, anasomesha," halafu anaendelea na kazi yake.

Kazi yake ilikuwa udobi. Alikuwa na duka la chumba kimoja kando ya barabara, mashine za kufulia nyuma, pasi ya mvuke mbele, na nguo za watu zikining'inia juu mpaka mteja mrefu ilimbidi ainame. Wakati wa likizo Rula alimsaidia kufunika mashati kwa nailoni na kubana namba kwenye kola. Alikuwa hapo siku baba alipopiga simu wakati ambao si wa ada.

"Mwanangu," alisema, "unaingia mwaka wa tatu sasa. Nimekaa nikawaza. Nataka nikununulie gari."

Rula alidhani mashine zinamchezea masikio. Akatoka nje.

"Si gari la kubahatisha," baba aliendelea. "Gari la heshima, hata ukija kuanza kazi usione haya kuliegesha. Jumamosi nitakuja, tukachague pamoja."

Maneno yaliyofuata yalimpita. Yeye alibaki na lile moja, pamoja.

Aliporudi ndani akamweleza mama. Mama alisikiliza bila kuinua macho, akairudia kwa pasi kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Basi chagua zuri," alisema. "Na usimwonee huruma."

Jumamosi ilipofika Rula alishindwa kujua asalimie vipi. Aliyeshuka kwenye gari alikuwa mtu mnene kuliko yule wa kwenye picha, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, viatu vina vumbi la kokoto. Rula akasema, "Shikamoo, baba," na kunyoosha mkono, na baba naye tayari alikuwa amefungua mikono yote miwili. Wakagongana katikati. Wakacheka kidogo, kila mmoja akitazama kwake.

Duka la magari lilikuwa la vioo vitupu, sakafu inang'aa hadi unajiona nyayo. Muuzaji aliwapokea mlangoni. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, na manukato yake yalifika kabla yake na kubaki baada yake. Kimoyomoyo Rula akambatiza Bwana Manukato.

"Mzee, umekuja mahali penyewe," Bwana Manukato alisema. "Haya ndiyo tunayaita magari ya kuanzia ubosi. Bosi mkubwa bado hujawa, lakini njia umeshaishika."

Aliwaonyesha jeupe la Kijerumani, jeusi la Kijerumani pia ila la kampuni nyingine, na la kijivu la Kijapani lililokaa pembeni kama mgeni asiyependa makuu. Rula alifungua mlango wa lile la kijivu, akaketi, akashika usukani, na hapohapo akajua. Kiti kilimpokea mgongo. Kila kitufe kilikuwa pale mkono wake ulipokitafuta. Kama angeulizwa wakati ule angesema, hili, twendeni.

Lakini baba aliingia upande wa pili, akakaa karibu naye, akaanza kumwelekeza. "Kioo hicho kishushe kidogo. Unatakiwa uone dirisha lote la nyuma. Hivyo. Hapana, ngoja." Akanyoosha mkono mbele yake, akakirekebisha mwenyewe. Mkono wake ulinuka sabuni. Rula alikaa bila kutikisika, ili mkono ule usifanye haraka.

Waliposhuka, Bwana Manukato akasugua viganja. "Enhe, dada, tuandike lipi?"

Rula akamwona baba akishusha miwani na kutazama saa.

"Ngoja kwanza nifikirie," alisema.

"Sawa kabisa," baba akasema. "Gari si nyanya. Fikiria, Jumamosi tutarudi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumamosi ya pili Rula alisema buti la jeupe ni dogo. Iliyofuata akasema usukani wa jeusi ni mzito. Akasoma magazeti ya magari maktabani, badala ya vitabu vyake, kutafuta kasoro ambazo bado hajazitaja. Aliuliza habari za vipuri, za mafuta, za bei gari likishachakaa. Baba mwanzoni alifurahi sana.

"Huyu kanifuata mimi!" alimwambia Bwana Manukato. "Na mimi sinunui kitu kabla sijakizunguka mara kumi."

Na kati ya gari na gari, maneno mengine yalipata nafasi. Wakinywa chai ya mashine kwenye makochi ya wateja, baba alimsimulia daraja lililomtoa jasho, ambalo mto ulilibeba likiwa bado na mbao zake. Alimwambia kwamba anacheka kama bibi yake, mama yake baba, kichwa nyuma na macho kufumba. Rula hakuwahi kuambiwa anafanana na mtu yeyote wa upande ule. Naye akamsimulia mhadhiri wao anayesahihisha kazi za wanafunzi bila kuzisoma, na baba akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Siku moja walitoka kulijaribu lile jeupe, Rula akiendesha, baba pembeni yake, Bwana Manukato nyuma. Mvua ikaanza. Walipofika kwenye mzunguko wa kurudia dukani, Rula aligeuza shingo akamwona baba amelala, mdomo wazi kidogo, mikono juu ya tumbo. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Rula hakukata kona ya kurudi. Akanyoosha na barabara kuu mpaka nje ya mji, polepole, akipunguza mwendo kila penye shimo. Kwenye kioo macho yake yakakutana na ya Bwana Manukato. Mafuta yalikuwa ya duka na muda ulikuwa wa duka. Bwana Manukato akageukia dirishani, akatazama mvua.

Jioni ile mama alimuuliza, "Wewe unachagua gari, au unachagua nini?"

Rula akajifanya anatafuta vibanio.

"Mwambie," mama akasema.

"Nimwambie nini?"

"Hicho unachokifanya."

"Na akisema hawezi?"

Mama alikuwa na majibu ya kila kitu, ya wateja wakorofi, ya watu wa umeme, ya ndugu zake. Safari hii alikanyaga pedali ya pasi, mvuke ukapanda kati yao, na ulipotawanyika alikuwa ameshachukua shati jingine.

Jumamosi zikaendelea, ila baba akaanza kuchoka. Simu yake ililia wakiwa ndani ya magari. "Nipo njiani, mama," alisema, na Rula alijua anaongea na mmoja wa wale watoto, maana sauti ililainika. Siku ya mwisho alifika amechelewa, hakutaka chai. Bwana Manukato aliwafungulia gari jingine, jipya kabisa, limeingia wiki ile. Rula alikaa ndani, akatafuta kasoro, akaikosa. Akasema taa za dashibodi zinamuumiza macho.

Baba alisimama na mlango mkononi.

"Binti, gari ni gari. Wenzako wanatembea kwa miguu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Lakini uso wa baba ulikuwa uso wa mtu anayelipa mafundi walioharibu kazi, na Rula akaogopa.

"Labda tuangalie na lile la Kiswidi," alisema. "Jumamosi ijayo."

Baba aliufunga mlango. "Sawa," akasema.

Jumamosi iliyofuata Rula alivaa gauni lake la bluu akasimama mbele ya duka la mama. Gari lililosimama lilikuwa jeupe, lile la Kijerumani, na utepe mwekundu umefungwa kwenye boneti. Aliyeshuka alikuwa Bwana Manukato peke yake.

"Hongera, dada," alisema, lakini bila ile sauti yake ya dukani. "Mzee anaomba radhi, kazi zimembana. Anasema kuchagua kumekushinda, kwa hiyo amekusaidia."

Akampa funguo. Rula alizitazama kama kitu kilichookotwa.

"Kwa nini si la kijivu?" aliuliza.

"Dada," Bwana Manukato akajibu taratibu, "wewe hukuwahi kusema unalipenda."

Hakuondoka mara moja. Alisimama akikunja kitambaa alichokuja nacho kufutia vumbi. "Mimi nilijua hutafuti gari," akasema. "Siku ile ya mvua. Lakini kazi yangu ni kuuza gari. Ningeanzia wapi?"

Rula alimpigia baba kumshukuru. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo za mitambo.

"Umefurahi?" baba alipaza sauti.

"Nimefurahi, baba. Asante."

"Sasa umetulia!"

"Utakuja ulione?"

Baba alicheka. "Si ninalijua? Nimelinunua mimi!" Kisha akamfokea mtu habari za kifusi, na simu ikakatika.

Chuoni gari lile lilimpa marafiki wengi kuliko aliohitaji. Walitaka lifti, walitaka kupiga picha wameliegemea, walisema Rula ana baba. Yeye alicheka nao. Alijifunza kuliendesha vizuri, na siku za likizo alipeleka nguo za wateja, suti zimetandazwa kiti cha nyuma kama abiria waliochoka. Baba alirudia kupiga simu mwanzoni mwa muhula tu.

Alipomaliza mwaka wa mwisho, Rula alikata shauri kupeleka kadi ya mahafali kwa mkono wake. Alimpigia baba akamwambia anakuja, baba akasita, kisha akasema karibu. Aliendesha tangu alfajiri mpaka mchana. Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu na geti jeusi. Aliyefungua alikuwa msichana wa kama miaka kumi na mitatu, mwenye paji la uso la baba, pana vilevile, na ndala za kuogea miguuni.

"Unamtafuta nani?"

"Baba. Mimi ni dada yako."

Yule msichana akacheka, bila ubaya wowote, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea nyumba. "Mimi sina dada. Mimi ndiye kifungua mimba."

Baba alikuwa ameshatoka barazani. Alisikia, maana alisimama ghafla. Rula alimngojea aseme. Baba alisafisha koo.

"Ingieni ndani," alisema. "Jua kali."

Alikaribishwa vizuri sana, kama mgeni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mke wa baba alimtandikia kitambaa kipya mezani, akamwekea glasi zile za kabatini. Walimuuliza habari za safari. Alipokwenda msalani walimwonyesha njia.

Wakati wa kuondoka baba alimsindikiza mpaka kwenye gari, akainama kukagua tairi, akasema la mbele linahitaji upepo.

"Baba," Rula akasema, "gari nililipata siku ya kwanza."

"Lipi?"

"La kijivu. Nilipoketi tu."

Baba aliinuka. "Sasa miezi yote ile ulikuwa unatafuta nini?"

"Ungekuja Jumamosi ya pili?"

Baba alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu mwingine, mwenye macho madogo, yasiyo na uhakika.

"Nilimwambia mke wangu kwamba unayakataa magari kwa kuwa mama yako amekulea kwa kiburi," alisema. Akaifuta miwani kwa shati. "Ningekuja, mwanangu." Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Sijui. Sijui kama ningekuja."

Rula alilia njia nzima hadi kituo cha kwanza cha mafuta. Alisimama pale, akajaza tairi upepo, akanawa uso kwenye bomba la nje. Mhudumu alimuuliza kama amefiwa. Akasema hapana.

Kwenye mahafali baba alikuja. Aliketi safu moja na mama, kiti kimoja katikati yao kimewekwa mkoba. Jina la Rula liliposomwa baba alisimama peke yake ukumbi mzima, akapiga makofi kwa mikono yake mizito, mpaka watu wakageuka, na mama akamvuta koti akae. Alipiga picha moja na binti yake. Hakungoja chakula.

Usiku ule baba alimpigia. "Nimefika," alisema. Hakuwa amewahi kumpa taarifa ya namna hiyo, na Rula alishika simu muda mrefu baada ya kukatika.

Hakupiga tena mpaka mwaka ulipoisha.